Bi Damari na Karatasi ya Ukingo Mweusi

Tarehe 30 Juni 1978, Bi Damari Mwakalukwa, Karani wa Barua wa Ghala la Ngozi la Uyole, ataifunika taipureta yake kwa kile kitambaa cha bluu kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Wafanyakazi wenzake wamemwomba mtunza ghala aandike maneno machache ya kumuaga. Mtunza ghala anaomba radhi tangu mwanzo. Mkono wake umezoea kuandika habari za ngozi na magunia ya chumvi, si sifa za watu, na mtu pekee ambaye angeweza kumsahihishia maandishi haya ndiye huyo huyo anayeagwa.

Bi Damari ni mzaliwa wa Rungwe. Alisoma shule ya misheni, na huko ndiko alikofundishwa kupiga chapa na sista mmoja mzee aliyekuwa akiwafunika wanafunzi mikono kwa leso ili wasizitazame herufi. Mwaka 1949 aliajiriwa Iringa, katika ofisi ya mfanyabiashara wa ngozi pale Mlandege. Biashara ile ilipokuwa mali ya umma, alihamishiwa kwetu Uyole, akiwa tayari mjane mwenye binti mmoja, Atuganile. Alifika na sanduku la nguo, mwavuli, na taipureta aliyoipakata mapajani njia nzima kutoka Iringa kwa sababu hakumwamini utingo.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia kwa Kiingereza wanunuzi wetu wa ng'ambo. Watu wengi hudhani kwamba anayejua Kiingereza anajua pia kuandika barua ya Kiingereza. Bi Damari alitufundisha kwamba hivyo ni vitu viwili. Barua ya Kiingereza, alisema, ina adabu zake kama meza ya wageni. Anwani yako hukaa juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Sentensi ya kwanza humshukuru mwenzako kwa barua yake na kuitaja tarehe yake, ili ajue kuwa imesomwa. Neno "mimi" halitangulii. Wino mwekundu haugusi barua, hata kama umekasirika, na hasa kama umekasirika. Uliyemwanzia kama mgeni usimalize naye kama rafiki, na uliyemwita kwa jina usimuage kama mgeni. Sahihi huwekwa kwa mkono, kwa maana barua isiyo na sahihi ni mtu anayesema nawe akiwa nyuma ya mlango. Meneja wetu, Ndugu Edmund Kalinga, ambaye kwa asili ni mtu wa haraka, alipokuwa akimsomea maneno makali ya kuandika, Bi Damari aliyapiga yote bila kukosea, kisha akampelekea nakala mbili: moja ya maneno yake, na nyingine ya maneno ambayo meneja angependa kuwa ameyaandika akishakunywa chai. Ndugu Edmund mwenyewe ametuambia kwamba daima alitia sahihi ile ya pili.

Adabu nyingine kubwa ya barua hizo ni kwamba huingia kwenye shauri moja kwa moja. Hakuna kuuliza watoto, mvua wala mifugo. Jambo hili lilitugharimu mapema. Jailos, mpanga ngozi wetu, alipotaka kuposa Iringa, alimsihi Bi Damari amwandikie mkwe barua ya Kiingereza, iliyopigwa chapa, ili ionekane kwamba binti anakwenda kwa mtu wa ofisi. Bi Damari alikubali, akaandika barua safi ya mistari sita. Baba wa binti, aliyekuwa hasomi Kiingereza, alipoona karatasi fupi yenye chapa na mhuri, isiyo na salamu hata moja, aliamini kwamba ameitwa mahakamani, akaenda kulala kwa ndugu yake mlimani mpaka mchungaji alipomsomea. Jailos alikubaliwa, lakini mpaka leo nyumbani kwa wakwe zake anaitwa Hakimu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuingiza karatasi mashineni, Bi Damari alikuwa akiuliza kwanza, "Anayekwenda kusoma ni nani?"

Mtunza ghala anaomba msomaji amvumilie sasa kwa habari moja iliyo ndefu zaidi, kwa sababu bila hiyo hatakuwa amemweleza Bi Damari hata kidogo.

Mwaka 1974 ulikuwa mbaya. Mvua zilikosekana, ng'ombe wa Usangu wakafa kwa makundi, na wafugaji wakatuletea ngozi kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona, kwa kuwa ngozi ndizo pekee zilizobaki za mali yao. Ghala likajaa mpaka darini. Lakini malori yote yalikuwa yamepewa kazi ya kubeba mahindi ya njaa, nasi hatukuwa na la kuzifikisha ngozi bandarini. Mnunuzi wetu mkuu alikuwa Bwana Haslam, mwenye kiwanda cha ngozi kaskazini mwa Uingereza. Ofisi yake ilituandikia, kwa adabu zote zilizotajwa hapo juu, kwamba ngozi zisipopakiwa melini kabla ya Agosti kwisha watanunua kwingine. Hatukuwa na mnunuzi mwingine. Kama Bwana Haslam angetuacha, ngozi zile zingeozea hapa Uyole, na wafugaji wangerudi Usangu mikono mitupu.

Mwaka huo karatasi nazo zilikuwa adimu. Ndugu Edmund, akiwa safarini Iringa, alipata duka la zamani pale Mlandege lililokuwa likifungwa, akanunua maboksi ya karatasi nzito na bahasha zake, nzuri kuliko zote tulizowahi kuzitumia. Kila karatasi ilikuwa na mstari mweusi mpana kuzunguka ukingo wake wote. Tulizipitisha mkono kwa mkono. Jailos alisema zinafanana na picha iliyokwisha kutiwa fremu. Bi Damari naye, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema ukingo ule utayashika maneno kama zizi linavyoshika ndama. Katika mafundisho yote aliyopewa misheni, karatasi ya namna hiyo hakuwahi kuonyeshwa. Akapiga chapa barua nzuri kwa Bwana Haslam, akieleza habari ya malori na njaa na kuomba subira, na tukaipeleka posta tukijivuna.

Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mkono, si wa karani, bali wa Bwana Haslam mwenyewe. Aliandika kwamba aliiona bahasha kabla hajaifungua, na moyo wake ukashuka. Kwao, karatasi yenye ukingo mweusi hutumiwa na nyumba iliyofiwa tu. Vijana wa siku hizi wameiacha desturi hiyo, lakini yeye ni mtu wa zamani, na karatasi yake mwenyewe ya ukingo mweusi alikuwa ameirudisha kabatini miezi michache tu iliyopita, baada ya kumzika mkewe. Alitupa pole. Alisema habari za ngozi zisitusumbue katika wakati kama huu, atangoja. Na mwisho aliuliza, kama si vigumu kwetu kusema, ni nani aliyefariki.

Hakuna aliyekuwa amefariki.

Bi Damari aliisoma barua ile kwa sauti, akaitafsiri, kisha akaiweka mezani akairudisha mikono yake mapajani. Ndugu Edmund ndiye aliyesema kwanza, na msomaji asimhukumu vibaya, kwa maana alikuwa akiwaza wafugaji. Alisema tumepata muda, na muda ndio tuliouomba.

"Hatukumdanganya, Mama. Hatukuandika popote kuwa tumefiwa. Tukinyamaza, ngozi za watu zitapona."

Bi Damari alimjibu pole pole, kama anavyojibu siku zote.

"Ni kweli, Ndugu Meneja. Lakini pole nimeipokea mimi, kwa mkono wangu huu. Kwetu Rungwe, pole ya msiba usiokuwepo haikai bure nyumbani. Inazunguka ikimtafuta wa kumpata."

Meneja alimkumbusha kwamba yeye ni Mkristo. Bi Damari alikiri kwamba ni Mkristo, na akaongeza kwamba hata kama haitampata mtu, pole ile si yake, na kitu kisicho chako hurudishwa. Ndugu Edmund akauliza ni nani atakayewaambia wafugaji kwamba tumerudisha subira tuliyopewa. Hilo lilikuwa swali la haki. Wakakubaliana kwamba ngozi ni mali ya wafugaji, basi wao ndio waseme, na likapelekwa neno kwa Mzee Ndalahwa Limbu.

Mzee Ndalahwa ni Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita, na wafugaji wenzake humtanguliza kila penye maneno. Yeye na Bi Damari walikuwa wamezoea kutaniana. Yeye humwita Bi Damari mtu wa ndizi, kwa ajili ya migomba ya Rungwe, naye Bi Damari hujibu kwamba ndizi haijawahi kumpiga mtu teke. Alifika, akakataa kiti, akaketi juu ya gunia la chumvi, akaelezwa yote toka mwanzo. Aliposikia habari ya ukingo mweusi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya shuka lake. Alisema alijua siku nyingi kwamba barua zetu zitatuletea balaa, kwa sababu zinaingia kwa watu kama mkusanya kodi, bila hodi. Kisha akaacha kucheka.

"Huyo mzee, mke wake amekufa kweli?"

Bi Damari akamjibu kwamba ni kweli.

"Na ninyi mmemwambia pole?"

Tulikuwa tumekaa na barua ile siku kadhaa. Tulikuwa tumebishana juu ya ngozi, juu ya malori, juu ya ukweli na subira. Katika watu wote wa ofisi ile, Wakristo na wasomi wa misheni, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekumbuka kwamba mwenye barua amefiwa. Mzee Ndalahwa alitutazama mmoja mmoja, bila ukali.

"Basi mtu wa ndizi, ingiza karatasi," akasema. "Mtu hajadili ngozi na mwenzake aliye msibani. Tukae naye kwanza."

Palikuwa na ugumu, na Bi Damari aliujua kuliko sisi sote. Barua ya rambirambi kwa Kiingereza ina adabu zake: iwe fupi, isiulize, isisimulie mengi, na isichanganywe kamwe na biashara. Mwenye kuiandika humwachia mfiwa nafasi, kama anayempisha mlangoni. Sisi hatumpishi mfiwa. Tunaingia ndani, tunaketi chini, tunajaza nyumba. Alichokuwa akiambiwa aandike kingeweza kuonekana huko ufidhuli, na pamoja na habari ya kwamba msiba wetu haukuwepo, kingeweza kuwa mwisho wa Bwana Haslam na sisi. Alituambia hayo waziwazi. Kisha akachukua mkasi, akakata ukingo mweusi pande zote nne, akaingiza mashineni karatasi iliyobaki, ndogo kuliko desturi, akasubiri.

Alianza na ukweli, kwa sentensi mbili: kwamba hapa hakuna aliyefariki, na kwamba karatasi ile tuliitumia kwa kutojua, tunaomba msamaha. Baada ya hapo, kila mmoja wetu alikwenda mezani kwa Bi Damari akatoa pole yake, naye akaiandika kwa jina la mtu huyo. Ndugu Edmund alitoa ya kwake, na sauti yake haikuwa ya haraka siku hiyo. Jailos alitoa ya kwake. Mtunza ghala naye alitoa, ingawa anaona haya kukumbuka jinsi ilivyokuwa kavu. Wakati ule mkewe alikuwa hai, na mtu ambaye hajafiwa hutoa pole kama anayekopesha mwavuli. Mzee Ndalahwa alikuwa wa mwisho.

"Mwambie nimezika wake wawili," alisema. "Mwambie ng'ombe hajui kufariji mtu. Lakini asubuhi anataka kukamuliwa, na hilo linamwinua mtu kitandani. Muulize ana nini cha kukamua asubuhi." Kisha akaongeza, "Za ngozi ziweke chini kabisa. Mwambie zipo. Akizitaka zitakuja malori yakipatikana. Asipozitaka, pole yetu ni ile ile."

Bi Damari aliyaandika yote kama yalivyosemwa. Ilikuwa barua ndefu kuliko zote alizowahi kuandika kwa Kiingereza, na karibu kila mstari wake ulivunja kanuni alizozishika tangu ujana. Alipomaliza aliisoma mara moja, hakusahihisha, akatutaka tuweke sahihi sote. Mzee Ndalahwa aliweka kidole gumba.

Kisha tukangoja. Agosti ikaisha. Tulizigeuza ngozi na kuzitia chumvi upya ili zisiharibike, na kila gari la posta lilipopita barabarani Jailos alisimama mlangoni. Wafugaji walikuja kutoka Usangu kuuliza, na tuliwaambia ukweli, kwamba hatujui. Siku hizo Bi Damari alikuwa akifika mapema kuliko kawaida, akikata kingo nyeusi za karatasi zilizobaki, boksi baada ya boksi. Vile vipande vyembamba hakuvitupa. Jailos alifungia navyo vitambulisho vya ngozi, na havikukatika.

Jibu lilipokuja, Bi Damari alilifungua akasoma mstari wa kwanza, akaondoa miwani. Bwana Haslam alikuwa ameanza na Mzee Ndalahwa. Alimuuliza hali yake, na mvua, na ng'ombe waliobaki. Akamsalimu Ndugu Edmund, akamsalimu Jailos, akamsalimu mtunza ghala, kila mtu kwa jina lake, bila kumruka hata mmoja. Alisema aliwasomea watu wake kiwandani barua yetu wakati wa chai, na mmoja wao aliyekuwa amefiwa na mama aliomba isomwe tena. Alisema hana ng'ombe, ila ana mbwa wa mkewe anayetaka kutembezwa alfajiri, na sasa ameelewa kwa nini mbwa yule amekuwa akimwokoa. Mwishoni kabisa, mahali ambapo kwa kanuni zao hubaki jina tu, aliandika kwamba anazitaka ngozi, zote, malori yakipatikana wakati wowote.

Malori yalipatikana Oktoba. Wafugaji walilipwa. Na tangu wakati ule mpaka leo, barua za Bwana Haslam huanza na mvua ya Usangu na kumaliza na biashara. Karani wake aliwahi kutuuliza, kwa adabu, kama huo ndio utaratibu wa nchi yetu. Bi Damari alimjibu kwamba ndio, kwa wale tunaowafahamu.

Yapo mengine ambayo ingefaa kuyataja: vijana aliowafundisha kupiga chapa jioni bila malipo, wengine sasa wakiwa makarani Mbeya mjini na Iringa; barua za Kiswahili za ofisi alizozipanga upya ili mkulima asizidhanie hati za mahakama; na ile siku aliyomtuma dereva arudi kutoka Mwanjelwa kwa sababu bahasha ilikuwa imebandikwa stempu kichwa chini. Mtunza ghala anaomba kusamehewa asipoyaeleza yote. Kuna moja tu analolazimika kulieleza, kwa kuwa ni lake.

Mwaka 1976 mke wake, Roza, alifariki. Wenzake walishiriki naye mazishi, wakakaa naye, kisha kama ilivyo ada wakarudi kazini. Yeye hakurudi. Likizo ya msiba ilipita, na alikuwa bado amekaa ndani, na hakuona sababu ya kuvaa viatu. Ndipo ikaja barua kutoka kwa Bwana Haslam, aliyeandikiwa habari na Bi Damari. Barua hiyo haikuwa na ukingo wowote. Ilikuwa na salamu za watu wa kiwanda kizima, mmoja mmoja, majina ya watu ambao mtunza ghala hatawaona katika maisha haya, na chini yake swali la Mzee Ndalahwa, limerudi kutoka Uingereza: una nini cha kukamua asubuhi?

Bi Damari hakuituma kwa tarishi. Aliileta mwenyewe kwa miguu, akaketi, akangoja isomwe mpaka mwisho. Hakutoa mawaidha. Alipoinuka kuondoka alisema jambo moja tu.

"Mzee Sanga, funguo za ghala unazo wewe. Ngozi zinangoja chumvi."

Kesho yake asubuhi mtunza ghala alivaa viatu.

Sasa Bi Damari anakwenda Mlandege kuishi na Atuganile na wajukuu. Ofisi imeamua, kwa idhini ya Ndugu Edmund, kwamba ile taipureta aliyoipakata kutoka Iringa irudi Iringa mapajani mwake. Watu wa Mlandege wana wakwe, watoto walio mbali, na wafiwa, na hawatakawia kujua ni nani amehamia mtaani kwao. Kwa hiyo kitu cha kukamua asubuhi hatakikosa.

Bi Damari, wenzako wa ghala tunakushukuru. Mungu akupe afya, akupe mvua kwa wakati wake, na wajukuu wanaosoma barua mpaka mwisho. Tutakuandikia. Tutaanza na salamu, mmoja mmoja kwa jina, na ngozi tutazitaja chini kabisa. Na mtunza ghala, ambaye kuanzia Julai hatakuwa na sababu yoyote ya kikazi ya kukuandikia, anaomba radhi kwa kuthubutu, na anaomba ruhusa ya kukuandikia bila sababu.

Eliezeri Sanga
Mtunza Ghala, Uyole